MTIHANI WA MIKONO



Wengi wenu mwaijua Saadani, au mmepata kusikia habari zake. Ni mji wa kale wa pwani, kaskazini ya Bagamoyo, umeelekeana na Unguja. Zamani misafara ya bara iliishia hapo, na mwaka 1889 Bwana Heri aliwapiga vita Wajerumani kwa kuwa hakukubali kuutoa mji wake. Siku hizi Saadani ni kijiji cha wavuvi na watu wa mashamba ya chumvi, nacho kimezungukwa na hifadhi ya wanyama iliyotangazwa mwaka 2005. Mtu atakaye kwenda Bagamoyo kwa njia ya pwani hukuta mto Wami umelala mbele yake. Na masika yakishika, barabara za upande ule si za kutegemewa.

Basi na tufanye mfano. Ni usiku, mvua inanyesha, na katika zahanati ya kijiji cha namna hii mama mmoja yumo katika uchungu. Mkunga aliye zamu ni mmoja tu, naye ametoka chuoni mwaka jana. Mtoto anazaliwa, lakini halii. Viungo vyake vimelegea, na kifua hakipandi wala hakishuki. Daktari yuko mbali, ng'ambo ya mto. Hata akipigiwa simu saa ile ile, hawezi kufika. Muda uliopo ni kama dakika moja, na mikono iliyopo ni miwili tu, mikono ya mkunga yule.

Mama huyu hajui mkunga wake alipata alama ngapi. Anachojua ni kwamba amesomea kazi, na ana cheti. Na cheti ni nini? Cheti ni ushahidi. Ni chuo kusema mbele ya watu wote kwamba, "Mikono hii tumeijaribu, nayo yaaminika." Swali letu katika hotuba hii ni moja: chuo kilipotia sahihi, kilikuwa kimeona nini?

Tuanze na jambo lililo wazi, ambalo hata hivyo husahauliwa kila siku. Kujua si kutenda. Wazee wetu walisema kwamba elimu bila amali ni kama mti usio matunda. Mwaka 1990 mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake George Miller, aliueleza ujuzi wa mganga kwa mfano wa piramidi yenye daraja nne. Daraja ya chini ni kujua: mwanafunzi aweza kuandika kwamba mtoto asiyepumua asaidiwe kabla dakika moja haijapita. Daraja ya pili ni kujua jinsi: aweza kueleza hatua zote kwa mpango wake. Daraja ya tatu ni kuonyesha: awekwapo mbele ya mtahini, na vyombo mkononi, aweza kuzifanya hatua hizo. Daraja ya nne, iliyo juu ya zote, ni kutenda: aufanya mkono wake kazi ile ile siku kwa siku, mbele ya mgonjwa wa kweli, wakati hapana mtahini anayemtazama.

Karatasi na kalamu hupima daraja mbili za chini tu. Mwanafunzi hodari wa kukariri aweza kupata alama 90 katika 100 kwa kueleza namna ya kumpa mtoto pumzi, na vidole vyake visijue kukishika kifuniko cha pua na mdomo hewa isivuje. Sisi tulio katika kazi ya kuwalea waalimu twalijua sana jambo hili. Mara nyingi tumemwona kijana aliyeandika vizuri mno juu ya kufundisha watoto hesabu, kisha tukamsimamisha mbele ya watoto arobaini, chaki ikamtoka mkononi. Lakini mwalimu akikosea leo, kesho aweza kurudi na kulifundisha somo lake upya. Mkunga hana kesho hiyo.

Mtu atasema, "Mbona tangu zamani wanafunzi wa uganga wametahiniwa mbele ya wagonjwa?" Ni kweli, walitahiniwa. Walakini mtihani wa zamani ulikuwa na kasoro zake. Mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja, akakaa naye peke yake muda mrefu, akamhoji na kumpima. Kisha akaenda mbele ya watahini akaeleza aliyoyaona. Hapo watahini waliyasikia maneno yake, lakini mara nyingi mikono yake hawakuiona. Tena mambo mengi yalikuwa ya bahati. Mmoja aliangukia mgonjwa mwenye ugonjwa wa wazi, anayejibu kwa upole. Mwenziwe akaangukia mgonjwa mwenye maradhi ya kutatanisha, tena mkali wa maneno. Mmoja alipata mtahini mpole, mwingine mtahini mgumu. Mwisho wake alama zikapimwa kwa mizani moja, kana kwamba wawili hao wamebeba mzigo mmoja.

Mwaka 1975 daktari Ronald Harden na wenzake wa Dundee, katika Uskochi, walitangaza mpango mwingine, ambao leo hutumika katika vyuo vya uganga na uuguzi duniani kote, na katika Afrika Mashariki pia. Mpango wenyewe ni rahisi kuuelewa. Badala ya mgonjwa mmoja na muda mrefu, hupangwa vituo vingi na muda mfupi. Kila kituo kina kazi yake. Katika kituo cha kwanza mwanafunzi apima shinikizo la damu, katika cha pili amhoji mama mjamzito, katika cha tatu asoma majibu ya maabara na kusema maana yake, katika cha nne afunga kidonda bila kukitia uchafu, na kadhalika. Kila kimoja kina dakika zake, tano au kumi hivi. Kengele ikilia, kila mwanafunzi ahama kwenda kituo cha pili yake, mpaka wote wamezunguka vyote. Hivyo wote hufanya kazi zile zile, kwa muda ule ule, na katika kila kituo cha kazi ya mikono mtahini husimama kando, orodha mkononi, akitazama kwa macho yake mwenyewe.

Tuingie katika kituo kimoja tuone kazi inavyokwenda, na tuchukue kile cha mtoto asiyepumua. Juu ya meza yuko mwanasesere aliyejazwa maji ili apate uzito kama wa mtoto mchanga. Mtahini aweza kukifanya kifua chake kipande kama apumuaye, au akakiacha kimya. Asema, "Mtoto huyu amezaliwa sasa hivi. Endelea." Halafu anyamaza, kwa kuwa mtahini asemaye sana hujitahini mwenyewe.

Je, mwanafunzi alikuwa ametayarisha kifuko cha kupulizia hewa na kukijaribu kabla mtoto hajazaliwa? Alinawa mikono? Alimkausha mtoto mara moja, akamwondolea kitambaa chenye maji na kumfunika kikavu? Alimsugua mgongo ili kumwamsha? Alipoona bado hapumui, alikata kitovu na kumsogeza mahali pa kumpa pumzi bila kukawia? Alikiweka kichwa sawa, kisilale mbele wala kisipinduke nyuma mno? Alikibana kifuniko usoni hata hewa isipotee? Pumzi ya kwanza ilifika kabla dakika haijatimia? Alipuliza kadiri ya mara 40 kwa dakika? Na lililo kubwa kuliko yote: alikitazama kifua kama chapanda? Kifua kisipopanda, alifanya nini? Alikishika kifuniko upya, akakiweka kichwa upya, akatazama kinywani kama kuna ute, au aliendelea kuminya kifuko bure, kama mtu anayetia maji katika pakacha?

Mambo haya yote yameandikwa katika orodha kabla ya siku ya mtihani, na watahini wamekwisha kukaa pamoja na kupatana juu ya kila neno lake. Hapo ndipo ilipo haki ya mtihani huu. Mtahini haulizwi, "Wampenda mwanafunzi huyu?" Aulizwa, "Alifanya, au hakufanya?"

Walakini orodha peke yake haitoshi. Mwanafunzi aweza kuzifanya hatua zote kumi kama mtu anayehesabu shanga, asiwe ameelewa hata moja. Na mwenye kazi hodari, kwa kuwa macho yake yaona upesi, aweza kuruka hatua mbili zisizohitajika, orodha ikampunguzia alama. Kwa hiyo mtahini hupewa kazi ya pili: baada ya kutia alama, aandike hukumu moja ya jumla. Huyu apita, huyu yu mpakani, huyu hapiti. Hukumu hii ina faida nyingine. Wakikusanywa wale wote walioandikwa kuwa mpakani, na alama zao za orodha zikatafutiwa wastani, wastani huo waweza kufanywa kuwa mstari wa kupita katika kituo kile. Basi mstari hautoki hewani, wala si lazima uwe 50 kila mahali. Kituo kigumu hupata mstari wake, na kituo chepesi wake.

Tena yako makosa ambayo alama nyingine hazifai kuyafuta. Mtu aliyeosha mikono vizuri, akamwamkia mama vizuri, akavipanga vyombo vizuri, lakini pumzi isifike kifuani mwa mtoto, amepata alama nyingi na mtoto amekufa. Vyuo vyenye busara huyatenga makosa ya namna hii mapema na kusema: mwenye kulifanya mojawapo hapiti kituo hiki, hata alama zake zikiwa nyingi namna gani.

Sehemu nyingine ya kazi hii si ya vidole, ni ya ulimi. Mganga asiyejua kuuliza hajui kutibu. Mwaka 1963, huko Los Angeles, daktari Howard Barrows alianza kumtumia mtu mzima wa afya aliyefunzwa kuigiza mgonjwa: aeleze maumivu yale yale, kwa namna ile ile, kwa kila mwanafunzi. Mgonjwa wa kuigiza ana faida nyingi. Hachoki kama mgonjwa wa kweli, wala haumizwi na kuhojiwa mara ishirini. Na baada ya kazi aweza kusema jambo ambalo mtahini hawezi kulijua: "Huyu aliniuliza kama askari," au, "Huyu alinisikiliza." Sisi watu wa pwani, tuliolelewa kwa kuamkiana na kutakana hali kabla ya maneno, twajua kwamba mama hatamwambia siri ya mwili wake mtu aliyemkatiza salamu. Basi upole huo nao si pambo la kazi. Ni kifaa cha kazi, nao hupimika.

Wengine hudhani kwamba haki huongezeka wakisimamishwa watahini wawili au watatu mahali pamoja. Husaidia kidogo. Lakini imeonekana kwamba heri watahini hao wagawanywe, kila mmoja apewe kituo chake, na vituo viwe vingi. Sababu yake ni kwamba ustadi wa kazi moja hautoi ushahidi juu ya kazi nyingine. Ajuaye kushona jeraha huenda hajui kumhoji mzee mwenye kikohozi. Nahodha hajulikani kwa kulitia tanga upepo mara moja. Aonekane pia akiingia mlangoni mwa mto, akipita mwambani, akifunga nanga usiku.

Sasa twafika kwenye neno gumu, nalo ndilo lililotufanya tuiandike hotuba hii. Tumesema kwamba mtihani wa vituo huonyesha daraja ya tatu, yaani kuonyesha. Je, aonyeshaye vizuri mbele ya mtahini atatenda vizuri zamu ya usiku? Tungependa kuitika ndiyo. Lakini habari iliyotoka katika nchi yetu wenyewe yatuonya.

Katika hospitali ya Haydom, iliyoko mkoa wa Manyara, wauguzi na wakunga walifundishwa mwaka 2010 kwa siku moja namna ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, kwa kutumia mwanasesere yule tuliyemtaja. Walitahiniwa kabla ya mafunzo, na wakatahiniwa tena baada ya miezi kama saba. Kabla ya mafunzo, katika zoezi la kumpa mtoto pumzi walifaulu 18 katika kila 100. Baada yake wakafaulu 74 katika kila 100. Mtu angeishia hapo angepiga makofi na kwenda zake. Lakini waliokuwa wakiichunguza kazi hii hawakuishia hapo. Waliweka watu katika chumba cha uzazi waandike yale yaliyotendwa kwa watoto wa kweli. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 2013. Idadi ya watoto waliopewa pumzi haikubadilika, na kule kuwasugua ili kuwaamsha kulipungua. Mikono iliyokuwa imefaulu mezani haikubadilika kitandani.

Wasikilizaji wetu, tusiwalaumu wauguzi wale. Na tuulize sisi waalimu, tuliozoea kumpa mtu cheti kwa kazi ya siku moja. Chumba cha uzazi si meza ya mtihani. Kuna damu, kuna kelele, kuna mama wa pili anayeita, kuna taa inayozimika, na kuna hofu. Lililofunzwa mara moja huikimbia hofu.

Haydom hawakukata tamaa. Wakabadili mpango. Mwanasesere akawekwa karibu na chumba cha uzazi, na wauguzi wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini, wakitazamana na kusahihishana. Habari iliyotangazwa mwaka 2015 yasema kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hata 7.2 katika kila watoto 1,000. Mpango wa namna hiyo, pamoja na mambo mengine, ulipelekwa baadaye katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba huko nako vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za kwanza vilipungua, kutoka 15.3 hata 12.5 katika kila 1,000. Ukizitazama tarakimu hizi haraka ni ndogo. Ukizitazama polepole, kila moja ni mtoto aliyelia.

Kwa hiyo twajifunza kwamba kuupima mkono si jambo la siku moja mwisho wa masomo. Mtihani wa vituo ni mlango, nao yapasa uwepo, uwe na haki, na usifunguliwe kwa rushwa wala kwa upendeleo. Lakini kabla ya mlango na baada yake iko njia ndefu. Wodini, msimamizi amtazame mwanafunzi kwa robo saa na mgonjwa wa kweli, kisha amwambie papo hapo: hili umelifanya vizuri, hili kesho ulifanye hivi. Afanye hivyo mara nyingi, kwa kazi mbalimbali, na watazamaji wawe mbalimbali. Daftari ya mazoezi itiwe sahihi siku kazi ilipofanywa, na mtu aliyeiona kazi. Sahihi ishirini zilizotiwa jioni moja kwa wino mmoja ni ushahidi wa uongo, hata kama kila mmoja alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Nchi yetu haijaanza leo kuyafikiri mambo haya. Chuo cha kwanza cha madaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na kutokana nacho kimekua Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mwaka 2011 chuo hicho kilianza kufundisha kwa mitaala mipya, inayoanza kwa kuuliza mhitimu aweze kutenda nini, ndipo iulize asome nini. Nayo sheria ya mwaka 2010 yaliagiza Baraza la Uuguzi na Ukunga kuwaandikisha wauguzi na wakunga na kuwapa leseni. Mipango ipo. Kilichobaki ni ushupavu wa wanaosimama kando ya meza, orodha mkononi.

Twasema ushupavu kwa sababu twajijua. Yuko mwanafunzi mwenye adabu, mtoto wa maskini. Baba yake ameuza ng'ombe, au shangazi yake ameuza kamba wa msimu mzima ili kumlipia ada. Siku ya mtihani pumzi haifiki kifuani mwa mwanasesere. Mtahini amtazama usoni, moyo wake walegea, kalamu yaandika "apita." Huruma hiyo twaijua, maana nasi imetupata katika kazi yetu. Lakini huruma ile imempa mmoja kitu ambacho atalipa mwingine, naye huyo mwingine hakuwapo kutetea nafsi yake. Huruma ya kweli ni kumwambia mwanafunzi, "Bado, mwanangu," kumwonyesha kosa lake mahali lilipo, kumpa mwanasesere na majuma machache ya mazoezi, kisha kumwita tena. Wengi warudiapo hufaulu, nao hufaulu kwa haki.

Basi ninyi wanafunzi, msiuogope mtihani wa mikono, wala msiukariri kama shairi. Fanyeni mazoezi wawili wawili hata siku isipokuwa na mtihani. Ninyi waalimu, tazameni kabla ya kutia sahihi. Na ninyi wazazi, mtoto wenu akirudi nyumbani kwa kuambiwa arudie, msiende kwa mwalimu kumbembeleza. Mwulizeni kijana ni kitu gani mikono yake haijakijua bado.

Turudi katika zahanati yetu ya mfano, kule mvua inakonyesha. Mkunga amemkausha mtoto; amemsugua; mtoto kimya. Akiweka kichwa sawa, akibana kifuniko, aminya kifuko, na macho yake yako kifuani. Kifua hakikupanda. Hababaiki. Alipokuwa chuoni alikosea hapo hapo, akaambiwa "bado," akarudia mpaka mkono ukajua wenyewe. Akiinua kidevu kidogo, abana upya, aminya. Kifua chapanda. Mara ya pili chapanda. Kisha, juu ya sauti ya mvua, yasikika sauti nyingine, ndogo, yenye hasira.

Mama hatajua kamwe ni nani aliyesimama kando ya meza chuoni siku ile na kukataa kutia sahihi mapema. Lakini mtahini yule naye alikuwamo chumbani usiku ule, na kila anayepewa kalamu ya kutahini na akumbuke hivyo.